Nilibadilisha kila kitu kabla ya breki

Kila nikiweka video ya baiskeli, najua maswali mawili yatakuja kabla hata sijaweka simu chini. La kwanza: hiyo kitu ni ngapi? La pili: na doo ulitoa wapi, si uliacha shule? La kwanza huwa najibu bila shida. La pili nimekuwa nikilijibu kwa njia mbili, kulingana na anayeuliza. Nyinyi niliwaambia ni pesa ya kontenti. Mathe nilimwambia kuna kampuni imenipa niitangaze. Yote mawili ni uongo. Leo naandika badala ya kurekodi kwa sababu najijua: mbele ya kamera nitaanza kuchekacheka na kuifanya iwe stori tamu.

Ukweli ni huu. Baiskeli ilikuwa 128,000. Shilingi 66,000 zilikuwa zangu, nilizoweka mwaka mzima nikipiga video za harusi na ruracio, na matangazo madogomadogo ya maduka ya nguo. Zile zingine 62,000 zilikuwa fee. Mathe alizikopa kwa chama chake akanitumia kwa simu nilipe muhula. Wakati zinaingia nilikuwa na wiki saba sijakanyaga darasa. Leo deni limebaki 42,060. Hiyo sitini ya mwisho nitaieleza.

Kuhusu shule nitasema kidogo tu. Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi. Hakuna mtu alinifukuza. Alama zangu za masomo mawili zilipotea, nikazungushwa ofisi moja hadi nyingine, na ningependa sana kusema hiyo ndiyo sababu. Lakini kuna wenzangu wanne ambao zao pia zilipotea na bado wako darasani. Mimi nilianza kukosa Jumatatu, halafu Jumanne ikajiunga nayo. Siku moja nikagundua siijui tena ratiba ya masomo, na nikahisi kama mtu ametua gunia. Hiyo raha ndiyo ilinizuia kumwambia mathe. Shida ningemweleza na angeelewa. Raha ningeielezaje, na yeye ndiye anakopa?

Sasa, kwa nini baiskeli? Kwa wale hamjui Kikuyu, huku baiskeli ni kama dini ndogo. Pale Mai-a-Ihii ndiko David Kinjah alikuwa na vijana wake wa Safari Simbaz, na ndiko kijana mmoja mzungu aliyezaliwa Nairobi, anaitwa Chris Froome, alikuwa anakuja kufukuzana nao kwa baiskeli za milimani kwenye njia zetu za matope, miaka mingi kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Kwa hivyo ukipita kwa stage na baiskeli yenye mota, lazima kuna mzee atakupigia kelele kwamba unaiba. Siwalaumu. Nimekulia hapa na mimi pia ningepiga kelele.

Lakini mota haikubebi kama boda. Lazima ukanyage. Yangu ina mota ya wati 500 ndani ya gurudumu la nyuma, na betri ya volti 48 yenye 13Ah. Zidisha hizo mbili upate watisaa 624, yaani kama sehemu mbili kwa tatu za yuniti moja ya stima. Kwa tokeni zetu, chaji nzima hainifikishi shilingi 25. Nikienda nayo tao na kurudi, huku na kule nikipandisha vilima, naweza kufanya kilomita 35 bila kuomba Mungu. Matatu kutoka Kikuyu ni kama soo, na mvua ikinyesha hiyo bei inasahau ilikotoka.

Kitu watu hawajui, na mimi nilikuwa najifanya najua, ni venye mota inaamua kusukuma. Karibu na pedeli kuna sensa. Kwa baiskeli za bei kali hiyo sensa inapima nguvu ya mguu wako: ukisukuma kidogo, mota nayo inasukuma kidogo. Yangu si ya bei hiyo. Yangu inaangalia kitu kimoja tu, kama pedeli zinazunguka. Hata ukizungusha taratibu kama mtu anakoroga uji, inakupa nguvu zote za kiwango ulichochagua. Na ukisimamisha miguu, inachelewa kidogo kujua umesimama. Si sana. Nusu sekunde, pengine zaidi kidogo. Kwa kilima unachopanda huwezi hata kusikia.

Wiki za kwanza nilikuwa mtu mwingine. Niseme tu ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, napita Thogoto kukiwa na ukungu, natokea Dagoretti, narudi nyumbani kabla mathe hajamaliza kupanga mayai yake. Baiskeli ina kilo 27, ni nzito kama mtoto wa darasa la tatu, lakini ukiwasha mota unasahau. Nilipanda vilima ambavyo nikiwa kijana wa sekondari nilikuwa nateremka nisukume. Nilikuwa nafika juu nikiwa na pumzi za kuongea na kamera. Na hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu kamera ikishazoea kitu, inataka kingine.

Nikaanza kuiongezea vitu. Hii ndiyo ile sehemu mnapenda, kwa hivyo wacha niitaje na bei zake. Usukani mpana wa milimita 780 na vishikio vya rangi ya chungwa, 5,500. Mikono ya breki ya alumini, myeusi, myembamba, 1,800, kwa sababu ile ya kiwanda ilikuwa ya plastiki nene na ilikuwa na nyaya mbili zinaning'inia vibaya mbele. Pedeli za chuma zenye meno, 3,200. Tairi pana za inchi 2.4 bila tyubu, pamoja na ile dawa nyeupe ya kuziba pancha, 11,500, na hii bado naitetea: upande wa Kajiado miiba ya migunga haina adabu, na tangu niweke hiyo dawa sijawahi kusukuma baiskeli nyumbani. Halafu shokabu ya mbele ya hewa, mtumba, 24,000. Jumla 46,000. Katika hiyo miezi mitano mathe hakuona hata thumuni.

Na kuna moja haikugharimu kitu. Baiskeli ilikuja imefungwa isisukume ikipita kilomita 25 kwa saa. Nikaingia kwa mipangilio ya ile skrini ndogo, nikafungua, ikaenda hadi 38. Hiyo video mliipenda sana. Komenti zilikuwa moto tupu.

Angalieni hiyo orodha tena. Breki haziko. Zilikuwa zilezile za kebo zilizokuja nayo, diski za milimita 160, zilizotengenezwa kwa baiskeli ya kilomita 25. Nilikuwa nimeona mkono wa breki unaanza kuja karibu sana na usukani, na kila mara nilikuwa nakaza kebo kidogo na kuendelea. Breki ingeonekanaje kwa video? Ni kipande cha chuma kinachokaa chini kwa tope. Shokabu inaonekana. Rangi ya chungwa inaonekana hata kwa simu ya tochi.

Jumapili moja mwezi wa nane nikatoka na mshikaji wangu kwenda Ngong Hills. Yeye ana baiskeli ya kawaida, miguu yake ndiyo mota. Tulipita Karen, tukapanda Ngong town, tukalipa pale getini, na tukaanza kupanda chini ya ile mitambo ya upepo ya KenGen. Ukisimama chini yake unasikia inavyokata hewa, huu, huu, huu. Nikamwambia mshikaji kwa kamera, "Unaona, hiyo ndiyo chaja yangu." Nilikuwa nimefurahia sana hiyo laini. Upande mmoja unaona Nairobi yote hadi yale maghorofa ya Upper Hill, upande mwingine Bonde la Ufa limelala chini kama ngozi ya ng'ombe imeanikwa. Kilele cha juu kabisa kiko mita 2,460, na upepo wa pale unaweza kukuhamisha ukiwa umesimama.

Tulipofika mteremko mmoja mrefu wa nyasi na mchanga, mshikaji akatangulia chini na kamera. Nikamwambia anipige nikija kwa kasi, na nikanyage, isionekane nateremka tu bure. Hebu fikiria. Mteremko, mota imefunguliwa, na mimi nakanyaga kwa sababu ya picha.

Kulikuwa na mfereji uliochimbwa na mvua, umejificha nyuma ya tuta la nyasi. Niliuona nikiwa mbali kidogo, mbali ya kutosha, hiyo ndiyo inaniuma. Nikasimamisha miguu. Nikabana breki zote mbili. Na badala ya kupunguza, baiskeli ikanisukuma. Ilikuwa kama mtu ameweka mkono mgongoni kwangu na kuniambia twende. Wakati mota ilinyamaza, mikono ya breki ilikuwa imefika kwa usukani na hakuna mahali pengine pa kuenda.

Niliruka. Helmeti ilipasuka mahali pawili. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika. Mkono wote wa kushoto ulichunika kama umepitishwa kwa mbuzi ya nazi. Hiyo video iko, sekunde kumi na moja, na hamtaiona. Kuna sauti ninatoa nikiwa chini ambayo sikujua ninayo.

Mshikaji alipiga simu. Mathe akaja zahanati akiwa na aproni ya sokoni, akiwa ameshikilia pochi kwa mikono miwili. Nesi alikuwa anajaza fomu. Jina, umri, mahali unakaa. Akafika kwa kazi. Kabla sijafungua mdomo mathe akajibu, "Huyu ni mwanafunzi wa chuo." Aliisema vizuri, polepole, ili nesi aandike bila makosa. Nesi akaandika.

Ningenyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miezi sita, dakika tano zingine zingenishinda? Lakini vile alivyotaja lile neno, chuo, nikiwa nimelala pale na tope masikioni, sikuweza kuliacha likae kwa hiyo karatasi.

"Mami, siko chuo."

Nesi aliweka kalamu chini akatoka, Mungu ambariki. Mathe hakusema kitu. Alitoa leso akaanza kunipangusa tope shingoni, upande usiouma. Baada ya muda akauliza tu, "Na zile pesa?" Nikaangalia ukutani. Akaangalia helmeti yangu iliyopasuka kwenye kiti, halafu akaniangalia mimi, na nikaona amemaliza hesabu.

Hakunigombanisha. Ningependa angenigombanisha. Wiki nzima alikuwa ananipikia, ananisaidia kuvaa shati, na haongei zaidi ya "kula" na "geuka".

Wakati huo mshikaji alikuwa amepeleka baiskeli kwa guka mmoja hapa karibu na stage, anayefanya kazi chini ya mukima. Guka ametengeneza Black Mamba tangu kabla babangu hajaoa. Baiskeli ya umeme hakuwa amewahi kushika. Nilienda kumwona mkono ukiwa umefungwa shingoni, nikijua ataanza na lile gurudumu la mbele lililojikunja kama chapati. Hakuligusa hata. Alikuwa amechuchumaa mbele ya usukani, anabandua kipande cha utepe mweusi nilichofunga miezi mitatu nyuma.

"Kijana, huu waya ulikuwa unaenda wapi?"

"Hauna kazi, guka. Ulikuwa umeshikana na ile mikono ya breki ya zamani. Niliukata, ulikuwa unaharibu sura."

Akanyamaza. Akasema, "Mwenye kiwanda alinunua huu waya kwa pesa yake. Wewe unadhani anapenda kununua waya wa bure?"

Akaniambia niwashe skrini. Akainua gurudumu la nyuma na kulipandisha juu ya kibao, akazungusha pedeli kwa mkono mpaka mota ikashika na gurudumu likaanza kulia. Halafu, pedeli bado zinazunguka, akagusanisha ncha mbili za ule waya. Mota ikanyamaza papo hapo. Akaziachanisha, ikaanza tena. Akagusanisha, ikanyamaza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mikono ya breki ya kiwanda, ile ya plastiki nene iliyoniaibisha, ilikuwa na swichi ndani. Ukigusa breki kidogo tu, mota inaambiwa ikae kimya kabla hata breki haijashika vizuri. Mimi nililipa 1,800 kuitoa. Na niliitoa mbele yenu, na muziki chini yake.

Kama una baiskeli ya umeme, au rafiki yako anayo, fanya hicho kitu guka alifanya, leo. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli mota ishike, halafu gusa breki taratibu. Mota isiponyamaza mara moja, usitoke nayo. Usiniambie utaangalia wikendi.

Siku ya nane mathe aliongea. Nilikuwa nimekaa mezani najaribu kuelewa, kwa sababu kuna kitu kingine kilikuwa kinanisumbua: hata bila mota, mbona zile breki zilikuwa zimechoka hivyo? Nilikuwa na biki na lile daftari lake la mauzo, ukurasa wa nyuma. Akauliza naandika nini kwa kitabu chake.

Nikamweleza. Mimi nina kilo 68, baiskeli 27, begi na maji tano. Jumla mia moja. Tuseme nateremka mita 300. Zidisha na 9.8, ile ya mvutano wa dunia, unapata joule 294,000. Hizo lazima ziende mahali. Kidogo zinakuliwa na upepo na tairi, lakini ukiwa unashuka umebana, nyingi zinageuka joto pale kwenye diski mbili ndogo kama visahani vya chai. Ni joto la kutosha kutoa lita nzima ya maji kwa digrii 20 hadi 90. Pale juu Ngong maji yanachemka karibu digrii 92. Kwa hivyo, Mami, kila nikishuka hiyo mlima nilikuwa karibu nachemsha lita ya chai na breki za 160. Pedi zikipata moto namna hiyo mara nyingi zinakuwa kama kioo, hazishiki tena. Na zangu zilikuwa zimekwisha.

Aliangalia hiyo hesabu kwa muda. "Kwa hivyo hii ndiyo fee yangu ilinunua. Maji ya chai."

Halafu akacheka. Kidogo tu, kupitia puani, lakini nilikuwa nimesubiri hicho kicheko siku nane, na sioni haya kusema nililia.

Nilimwambia nitaiuza. Kulikuwa na msee amenipa 55,000 vile ilivyo, na gurudumu lililopinda. Mathe amefanya biashara ya mayai miaka kumi na minne, hawezi kusikia bei bila kuipima. "Umenunua mia na ishirini na nane, ukaweka arobaini na sita, unauza hamsini na tano? Halafu unibakishie deni na usiwe na kitu cha kufanyia kazi?" Akafungua daftari, akaandika jina langu juu ya ukurasa mpya kama vile anaandika wateja wanaochukua kwa mkopo. Chini yake, 62,000. Elfu tano kila mwezi.

Akafunga. Akafungua tena.

"Mwezi wa kwanza usinilipe. Nunua breki."

Hizo breki mlizoniuliza kwa video ya juzi ndizo hizo. Ni za mafuta, pistoni nne, diski ya 203 mbele na 180 nyuma, na mikono yake ina swichi ya kukata mota. Plagi zake nilihakikisha zinaingiana na zile za kontrola kabla sijatoa pesa. Nilipata kwa 12,000, mtumba safi: elfu tano ya mathe, na elfu saba nilizopata nikiuza ile taa kubwa ya kurekodia. Guka alizifunga mwenyewe, polepole, akiniuliza kila waya unaenda wapi hadi nikaanza kutoa jasho kama niko kwa mtihani. Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, lazima uzifunze. Nilienda na kurudi pale kwa uwanja wa kanisa, napata kasi, nabana hadi karibu nisimame, naachilia, kama mara ishirini. Kidole kimoja kinatosha sasa. Nilirudisha pia ile mipangilio ya skrini, 25. Najua mtasema nimezeeka.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ndicho kimewachekesha wengi: keria. Ndiyo, nimeweka keria kwa baiskeli ya milimani yenye shokabu ya hewa. Inafanana na mtu amevaa suti na akapanga foleni ya maji. Ni wazo la mathe. Yeye huchukua mayai kwa majirani wenye kuku, anayapeleka soko la Wangige, na boda ilikuwa inamtoza mia mbili kila safari. Akauliza baiskeli inabeba kilo ngapi. Keria imeandikwa 25. Akapiga hesabu bila biki: trei nane, mayai 240, haifiki hata ishirini. "Basi Jumamosi."

Nyinyi mnaojua shokabu za hewa, hebu niambieni kama kuna mtu amewahi kuzitafutia presha kwa ajili ya mayai. Nilipunguza hewa ya tairi, nikaweka mota kiwango cha kwanza kabisa, nikazifunga trei kwa mpira wa tyubu ya zamani, na blanketi chini. Tulitoka kabla ya saa kumi na mbili. Yeye alikuwa kwa boda nyuma yangu, na kila nikikaribia tuta nilikuwa namsikia, "Polepole, baba. Polepole."

Sijawahi kuendesha vizuri hivyo. Nilikuwa naona kila jiwe. Kuna mteremko unaingia Wangige ambao zamani nilikuwa naushuka nikiwa nimelala juu ya usukani, na siku hiyo nilishuka na kidole kimoja kwenye breki, nikisikia mota imenyamaza kabisa, nikihesabu mashimo.

Kama nitarudi chuo, mathe hajauliza na mimi sijasema. Kila mwezi tarehe tano namtumia elfu tano, naye ananijibu kwa neno moja, "Nimeona", halafu anaandika kwa daftari. Tumefika nne.

Ile siku ya kwanza tulipofika Wangige, alifungua blanketi mwenyewe. Akainua trei moja moja, akipitisha kidole juu ya mayai kama mtu anayehesabu watoto wakishuka kwa basi la shule. Manne yalikuwa yamepasuka, yote kwa trei ya chini, upande wa kulia. Akatoa daftari, akatafuta ukurasa wangu. Yai moja ilikuwa shilingi kumi na tano. Chini ya 62,000 akaandika: mayai 4, sitini.